Ngazi za Ofisi ya Kata

Katika kata moja ya milima ya Uluguru, mahali ambapo gari huishia chini na watu hupanda kwa miguu, ofisi ya kata imesimama juu ya msingi mrefu wa mawe. Mteremko ulilazimisha msingi huo, na msingi ukalazimisha ngazi nane. Sina ugomvi na fundi aliyezijenga. Nazitaja kwa sababu asubuhi moja ya kikao cha maendeleo ya kata nilimwona mzee mmoja akiletwa pale amebebwa mgongoni na mpwa wake.

Miguu ya mzee yule haina nguvu tangu utotoni. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo kati ya mjomba na mpwa kuna mambo mazito, na kijana alikuwa akitimiza la kwake bila manung'uniko. Walikuwa wametembea karibu saa nzima kwenye kijia chembamba kati ya migomba, udongo umelainika kwa mvua ya usiku. Walipofika ofisini, kijana akakanyaga ngazi ya kwanza, akateleza, akajishika ukutani. Mzee akamgusa bega.

"Nitue hapa hapa, mjomba. Watanisikia dirishani."

Akakaa juu ya jiwe. Kikao kikaanza. Alikuwa amealikwa awasemee watu wenye ulemavu wa kijiji chake, na zamu yake ilipofika alipaza sauti kutoka chini, mwenyekiti wa kitongoji aliyekaa karibu na dirisha akawa anairudia kauli yake ili wajumbe waisikie. Wote walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemdharau. Lakini mtu mzima na akili zake alishiriki kikao cha kata yake akiwa nje, kwa mdomo wa mwingine.

Kiswahili kimelipa neno ngazi kazi mbili. Ngazi ni zile za mawe zilizomshinda mpwa. Ngazi pia ni madaraja ya uongozi: ngazi ya kitongoji, ya kijiji, ya kata, ya halmashauri, ya mkoa, ya taifa. Tangu asubuhi ile kila nikisikia maana moja naiwaza ya pili. Wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu wameingia kwenye siasa, tena wengine wamefika mbali na kutupa fahari. Ila wengi wao walifika kwa kunyanyuliwa hadi ngazi ya juu kabisa. Zile za chini, ambako maisha ya mtu mwenye ulemavu huamuliwa siku hadi siku, sheria haijawawekea mahali pa kukanyaga. Nasema safari hiyo ianzie chini, kwenye kata, na ianze kwa nguvu ya sheria.

Tuwatazame kwanza waliofika juu, maana wanastahili kutazamwa.

Mwaka 2008, nchi ikiwa imegubikwa na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi hasa Kanda ya Ziwa, Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Uteuzi ule ulikuwa tamko. Mtu ambaye wauaji na waganga walimpigia hesabu ya viungo alikuwa sasa akiapa mbele ya Spika na kuitwa Mheshimiwa. Mwaka 2015 Rais John Magufuli akamteua Dk. Abdallah Possi, mwanasheria aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, kuwa mbunge na naibu waziri, na mwanzoni mwa 2017 akampa ubalozi nchini Ujerumani. Mwaka huohuo Stella Ikupa, mbunge wa viti maalumu, akapewa unaibu waziri wa kushughulikia watu wenye ulemavu katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Baada ya uchaguzi wa 2020 akaja Ummy Nderiananga, ambaye kabla ya kuingia bungeni alikuwa mwenyekiti wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania. Huyu ni mwanaharakati hasa, aliyehama kutoka kiti cha kudai hadi kiti cha kudaiwa.

Sibezi hata safari moja kati ya hizi. Mtoto mwenye ualbino aliyeko Kolero au Mgeta akiona mtu wa rangi yake akijibu maswali bungeni, kuna kitu kinanyooka ndani yake ambacho semina haiwezi kukinyoosha. Hata hivyo, tuangalie mlango walioingilia. Kwegyir na Possi waliingia kwa kalamu ya Rais, Ikupa na Nderiananga kwa viti maalumu vya chama. Milango hiyo ni halali, na kwa wakati wake ilikuwa ya lazima, lakini ufunguo wake hukaa mfukoni mwa mkubwa.

Kwa hiyo safari inayonifundisha zaidi ni ya Salum Khalfani Barwany. Oktoba 31, 2010, watu wa Lindi Mjini walipanga foleni wakampigia kura yeye, mgombea wa CUF, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino nchini kuupata ubunge kwa kura za jimbo. Kumbukeni ulikuwa wakati gani. Miaka miwili mitatu tu kabla ya hapo, familia zilikuwa zikiwafungia watoto ndani na kuzika wafu wao chini ya zege ili makaburi yasifukuliwe. Katika nchi hiyohiyo mtu mwenye ualbino akasimama jukwaani mchana kweupe, jua la pwani likimchoma, akaomba kura, akapewa.

Na alipopewa alilazimika kuwa mbunge wa wote. Hapa ndipo mwanaharakati anapogeuka mwanasiasa, na mageuzi hayo si madogo. Kwenye harakati unawasemea wenzako, na ukweli wako unatosha kukubeba. Kwenye siasa jirani asiye na ulemavu wowote anakuuliza maji ya bombani yako wapi, na barabara ile mlituahidi lini. Unajifunza kusoma makisio ya bajeti. Unajifunza kwamba hoja nzuri isiyo na watu wa kuiunga mkono inalala kwenye kabati. Unajifunza kuomba kura kwa mtu ambaye jana alivuka barabara asikutane nawe. Barwany alijifunza hayo mbele ya wapiga kura, wala si mbele ya kamati ya uteuzi. Mwaka 2015 wapiga kura walewale wakampumzisha, kama wanavyowapumzisha wabunge wengine. Wako walioona ni msiba. Mimi naona heshima ndani yake. Kuchaguliwa kwa hoja na kuangushwa kwa hoja ndiko kutendewa sawa na wengine.

Swali ni kwa nini akina Barwany ni wachache hivyo. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, yaani zaidi ya mmoja katika kila 10. Katika nchi yenye vijiji zaidi ya 12,000 na kata zinazokaribia 4,000, tungetarajia kukutana nao kila tunapokutana na viongozi. Hebu msomaji ahesabu madiwani anaowajua. Wangapi wana fimbo nyeupe? Wangapi huzungumza kwa lugha ya alama?

Jibu moja liko kwenye historia ya namna tulivyowatazama, na lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi, kilema na kiwete kwenye ngeli ya ki-vi, ngeli ya kiti na kikombe. Wako wanaosema ngeli hiyo iliwashusha watu hadi kwenye vitu, nami kwa muda mrefu niliamini hivyo. Kisha siku moja nikatambua kwamba katika ngeli hiyohiyo yumo kijana, na yumo kiongozi. Sarufi haikumfungia mtu mlango. Tuliomfungia ni sisi, tulipozoea kumwita asiyejiweza.

Neno hilo lilikuwa na majengo yake. Mkoani Morogoro kuna makazi ya Fungafunga mjini na Chazi kule Mvomero, yaliyoitwa makazi ya wazee na wasiojiweza. Wamepokelewa humo watu ambao vinginevyo wangelala njiani, na waliowahudumia wamefanya kazi ya kiutu. Lakini jina linasema jinsi taifa lilivyofikiri. Sheria mbili za mwaka 1982 zilifikiri hivyohivyo: moja ilihusu ajira, ya pili ilihusu matunzo. Mtu mwenye ulemavu alikuwa mzigo, na swali la sheria lilikuwa nani aubebe, ndugu au Serikali. Anayebebwa haulizwi njia ipite wapi.

Waliolibadilisha swali hilo ni watu wenye ulemavu wenyewe. Wasioona walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1960. Watu wenye ualbino waliunda chao mwaka 1978, viziwi wakaunda CHAVITA mwaka 1984, na kati ya hapo, mwaka 1981 ukawa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, ukaamsha wengi. Mwaka 1992 vyama vikaungana kuwa SHIVYAWATA. Miaka ya kukaa kwenye mabenchi ya wizara, ya kuandika barua na kujibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, ikazaa sera ya taifa mwaka 2004. Novemba 2009 Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 29 inazungumzia haki ya kushiriki katika siasa na uongozi wa umma. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Wakati huo bungeni alikuwemo Margreth Mkanga, mbunge wa viti maalumu aliyelisemea kundi hili kwa miaka mingi.

Sheria hiyo ni nzuri. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa, hadi kata, halmashauri na mkoa. Ukiisoma ukiwa Dodoma unaona nchi imeshamaliza kazi. Ukiisoma ukiwa umekaa kwenye jiwe chini ya ngazi nane, unagundua kasoro yake: kamati inashauri, baraza la madiwani linaamua. Kamati ya kijiji haina fungu, haina kura, na katibu akihamishwa hata daftari halionekani tena.

Tujiulize basi nini kinaamuliwa pale ambapo watu hawa hawana kura.

Fedha, kwanza. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili irekebishe utaratibu wake, na 2024 ikairejesha. Asilimia 2 inaonekana ndogo, lakini kwa fundi viatu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ni tofauti ya kuwa na cherehani ya ngozi na kushona kwa mkono. Wanawake wana madiwani wao ndani ya baraza wa kuuliza fungu lao limefika wapi. Vijana wana jumuiya za vyama zenye sauti. Wenye asilimia 2 wanasubiri dirishani.

Kisha majengo. Zahanati ijengwe wapi, choo cha shule ya msingi kiwe na mlango wa upana gani, katika soko la ghorofa kama lile la Chifu Kingalu pale Morogoro mjini nani apate kizimba cha chini na nani apande juu, stendi iwe na njia ya mteremko au isiwe nayo: haya yote hupita mezani kwa halmashauri. Hakuna waziri anayeshuka kutoka Dodoma kupima upana wa mlango wa choo. Diwani ndiye anayeweza kusimama kabla zege halijamwagwa akasema hapa mmesahau. Baada ya zege kukauka, anayelia ni mwenye kiti mwendo peke yake.

Na Uluguru inadai zaidi ya hayo, kwa sababu mlima haufuati mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mji wa tambarare. Kutoka Morogoro mjini, ardhi inainuka hadi kupita mita 2,600 kileleni, na vijiji vimetundikwa mbavuni mwa mlima. Kule kiti mwendo kinachotolewa kwa hafla, na picha zikapigwa, mara nyingi huishia kuwa kabati la nguo, kwa kuwa hakuna mita 10 za kukisukuma. Anayeishi pale anajua kinachohitajika: zahanati isogee karibu, kivuko cha mto kiwekewe kamba au kingo za kushika, mkutano wa kijiji ufanyike uwanja wa shule badala ya juu kwenye jabali, bodaboda wa eneo ajue namna ya kumpakia mtu asiye na nguvu za miguu, mhudumu wa afya apande nyumba kwa nyumba msimu wa mvua. Haya hayamo kwenye miongozo ya taifa. Yamo vichwani mwa watu walioteleza kwenye vijia hivyo.

Milima hii ilishatoa somo hilo kwa gharama kubwa. Miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza uliwaletea Waluguru mpango wa matumizi ya ardhi ukiwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilielezwa kwa ustadi. Lakini wenye mashamba hawakuulizwa, na mwaka 1955 wananchi wa upande wa Matombo waliandamana, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Mtaalamu aliujua udongo wa Uluguru kwa vitabu, lakini waliokuwa wakiulima hakuwa nao kwenye kikao. Naufikiria mwaka huo kila ninaposikia mpango wa kuwasaidia watu wenye ulemavu uliokamilika kabla ya mmoja wao kuketi mezani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakusema asiyehurumiwa.

Majirani zetu wamelitafakari hili, na hatuna haja ya kubuni kila kitu upya. Uganda, kwa Katiba yake ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997, iliweka wawakilishi wa watu wenye ulemavu bungeni na katika mabaraza, kila baraza likiwa na wawili, mwanamume na mwanamke. Kutoka bungeni hadi vijijini wamehesabiwa wawakilishi wanaozidi 40,000. Alex Ndeezi, kiongozi wa harakati za viziwi, aliingia Bunge la Uganda mwaka 1996 akiwa miongoni mwa viziwi wa kwanza duniani kufikia nafasi hiyo, na mkalimani wa lugha ya alama akaingia naye. Lakini kwangu habari kubwa ya Uganda ni ile isiyo na jina la mtu mashuhuri. Ni mama asiyeona katika wilaya ya mbali anayejifunza kanuni za kikao, anayechangia hoja ya kisima, anayezoeleka. Watoto wa pale wanakua wakijua kwamba diwani anaweza kuja na fimbo nyeupe.

Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, iliweka maseneta wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu, na ikataka mabaraza ya kaunti yawe na wajumbe kutoka makundi yaliyosahaulika, wao wakiwemo. Isaac Mwaura, mmoja wa waanzilishi wa chama cha watu wenye ualbino nchini humo, aliingia Bunge kwa uteuzi wa chama mwaka 2013, kisha Seneti. Huko Marekani, Judith Heumann, aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 1977 watu wenye ulemavu walipokalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, alikuja kushika wadhifa katika Serikali ya nchi nzima. Baada ya hapo, mwaka 2007, akaongoza idara ya huduma za ulemavu ya jiji la Washington. Alishuka kutoka taifa hadi mji na kazi ikaendelea kuwa kazi, kwa sababu mtu anaishi mtaani kwake.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na zinastahili majibu ya kweli.

Wapo watakaosema viti vya kutengewa vinazaa wategemezi. Hofu hiyo ilielekezwa pia kwa wanawake. Leo sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalumu wasipungue theluthi, na wapo waliojifunza kazi kwenye viti hivyo kisha wakaingia uwanjani kugombea kata na majimbo, wakashinda. Kiti maalumu kikitumiwa vizuri ni darasa, na mwanafunzi akihitimu anaondoka.

Wengine watasema diwani mwenye ulemavu atasemea ulemavu tu. Mpeni kiti ndipo mumhukumu. Na hata akisemea hilo tu, njia ya mteremko haiulizi cheti cha ulemavu. Inamfaa mjamzito, bibi wa miaka 80, mama anayeshuka kutoka Kinole na mzigo wa ndizi kichwani. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. Tumeigeuza methali hiyo kuwa neno la kumfariji aliyeumia, na ilikuwa onyo kwetu sote tulio wazima kwa leo.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami nalikubali nusu: viti hivi vinaweza kutekwa na vyama, wakawekwa watu wa kupiga makofi. Uganda wenyewe wamelalamikia jambo hilo. Dawa yake iko kwenye namna ya kumpata mwakilishi. Wampigie kura watu wenye ulemavu wenyewe, kupitia kamati zile za sheria ya 2010 zilizokosa kazi, kuanzia kijiji hadi halmashauri. Kwa namna hiyo kamati zitapata uhai na kiti kitapata mwenyewe.

Kwa hiyo ninachoomba kinatajika. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zirekebishwe ili kila baraza la madiwani liwe na viti viwili vya watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, na kila halmashauri ya kijiji iwe na angalau kimoja, wote wakiwa na kura kamili. Vyama vya siasa visisubiri sheria hiyo. Kwa kuwa nchini mwetu hakuna anayegombea bila kupitia chama, mlango wa kura za maoni ndio mlango wa kwanza, na chama kinaweza kuondoa gharama ya fomu na kuhamisha mkutano wa wajumbe kutoka ukumbi wa ghorofani bila kumwomba mtu ruhusa. Halmashauri zitenge fungu la mkalimani wa lugha ya alama na la nyaraka za nukta nundu, kama zinavyotenga la mafuta ya gari. Diwani kiziwi bila mkalimani ni mtu aliyeitwa kushuhudia midomo ikichezacheza.

Nanyi wanaharakati, ndugu zangu, nawaomba jambo moja. Semina za Dar es Salaam na Dodoma zina faida zake, lakini mwenye kuutaka uongozi aanzie kwenye mkutano wa kitongoji chake. Ajue bei ya bando la mabati. Ajue kwa nini daraja la mwaka jana lilisombwa. Majirani wakimjua kuwa ndiye aliyewafuatia dawa za zahanati, siku ya kura watakumbuka dawa kabla ya kukumbuka miguu yake.

Nirudi kwa mzee wa kwenye jiwe. Alipopewa nafasi hakuzungumzia ngazi wala kiti mwendo. Alizungumzia kivuko cha miti kilichoko kati ya vitongoji viwili. Alisema watoto wa shule hukivuka kwa kutambaa mvua ikinyesha, na kwamba yeye, anayetambaa kila siku, anajua ni gogo la ngapi lililooza. Akalitaja: la tatu kutoka upande wa mashambani. Ndani kukawa kimya kidogo, kisha wajumbe wakakubaliana kivuko kiingizwe kwenye vipaumbele, na wananchi wachangie nguvu kazi.

Kikao kilipoisha, mtendaji alifunga daftari la mahudhurio. Mpwa, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akapanda zile ngazi mbili mbili, akaliomba. Akashuka nalo. Akapiga goti mbele ya mjomba wake, akainama, daftari likalala mgongoni kwake kama mezani, na mzee akaandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kwenye mstari uliobaki chini kabisa ya orodha ya waliohudhuria.